Breki ya Mbele

Mtaani wananiita Fundi Kisirani, na jina lenyewe sijawahi kulikataa. Nimetengeneza pikipiki miaka thelathini na mmoja. Ukikaa miaka yote hiyo unasikiliza watu wakikueleza kwamba injini "inalia hivi, halafu inanyamaza, halafu inalia tena", kisirani kitakuingia tu, hata ungezaliwa malaika. Lakini leo sina habari za injini. Nina habari za shemeji yangu, mke wa marehemu mdogo wangu, na jinsi nilivyomfundisha kuendesha pikipiki. Sisemi ili nijitetee. Atakayesema nilijitetea atakuwa amenisikiliza kwa sikio moja.

Mdogo wangu alikuwa msoma mita wa shirika la maji. Miaka kumi na minne alizunguka mitaa yote ya upande wa mlimani, anafunua vifuniko vya chemba kwa nondo iliyopindwa, anafukuza mende, anafuta kioo cha mita kwa kidole gumba, anaandika namba kwenye daftari. Kazi hiyo haina rafiki. Mwenye nyumba akikuona anafunga geti, na asipofunga geti anafungua mbwa. Ila shirika lilimpa pikipiki, na likampa nyumba kwenye kota za wafanyakazi: vyumba viwili, jiko, bomba lake mwenyewe uani, na dirisha linaloangalia uwanja wa matangi ya maji. Watoto wake watatu wamekulia humo, hawajui kwingine.

Alikufa Jumanne, saa mbili asubuhi, kwenye kona yenye mchanga chini ya kiwanda cha matofali. Nilifika kabla hawajamwondoa. Mfyatua matofali mmoja aliyeona kila kitu akaniambia, "Fundi, mbuzi alikatiza. Akabana breki ya mbele yote. Pikipiki ikampindua kichwa chini, miguu juu." Basi. Mtu niliyembeba mgongoni akiwa mtoto, habari zake zikaishia kwenye maneno hayo.

Tangu siku hiyo mimi na breki ya mbele tukawa maadui. Sikuanza mimi, tuelewane. Rika langu lote la waendesha pikipiki tulifundishwa hivyo hivyo: ile ya mkono ni pambo, ile ya mguu ndiyo breki. Wengine walikuja gereji wakitaka niwafungulie kabisa waya wa mbele wakae kwa amani, nikawafungulia. Lakini wao hawakuwa mafundi, mimi ni fundi. Najua kwamba chombo kikipunguza mwendo uzito wote unakimbilia mbele, na tairi la mbele ndilo linalosimamisha. Najua kwamba kwenye mchanga unabana kidogo kidogo, kwa vidole viwili, usukani ukiwa umenyooka. Nilijua yote hayo, na uchungu ukanizidi akili.

Barua ya shirika ilikuja wiki ya tatu baada ya mazishi. Shemeji aliileta gereji ikiwa kwenye mfuko wa nailoni isishike grisi. Shirika lilikuwa na utaratibu wake: nafasi ya mfanyakazi aliyefia kazini inaweza kushikwa na mke au mtoto wake, ili mradi awe anajua kusoma na kuandika, na apite mtihani wa pikipiki ndani ya siku thelathini. Asipopita, nafasi inatangazwa na nyumba inarudishwa.

"Shemeji," akasema, "nifundishe pikipiki."

"Pikipiki ipi?"

"Kwani ziko za aina ngapi? Hiyo hiyo inayokuchafua kila siku."

Nikamtazama. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mshona sare za shule, mwanamke ambaye kwenye pikipiki alijua kukaa nyuma tu, upande upande, mkoba mapajani.

"Wewe hata baiskeli ilikushinda," nikamwambia. "Ilikuingiza mtaroni mchana kweupe."

"Ule mtaro ulihamishwa. Jana yake haukuwepo pale." Alisema hivyo bila kucheka, akaikunja barua. "Shemeji, nikitoka kwenye nyumba ile naenda wapi na watoto? Kwako? Una chumba kimoja, nusu yake tairi."

Nikamwambia aje kesho saa kumi na mbili asubuhi, na avae suruali.

Alipoondoka nikaitoa nje pikipiki kuukuu niliyokuwa naitumia kufuatia vipuri. Nikalegeza nati mbili, nikauvuta waya wa breki ya mbele wote mpaka ukatoka, nikauviringa na kuutupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Mkono wa breki nikauacha pale pale kwenye usukani, unachezacheza kama jino bovu. Nilifanya hivyo kwa mikono hii na hakuna aliyenituma. Nilijiambia mmoja ametosha.

Shemeji alikuja amevaa suruali ya kazi ya mumewe. Alikuwa ameipunguza kiunoni na miguuni kwa cherehani yake, mshono safi kabisa, huoni palipokatwa. Nilipoiona nikageuka nikajifanya natafuta spana.

Uwanja wa matangi ni tambarare, kokoto upande mmoja na nyasi upande wa pili. Siku ya kwanza tulishindia klachi. Namwambia aiachie pole pole, anaiachia ghafla, pikipiki inaruka na kuzima. Mara kumi, mara ishirini. Mimi uvumilivu si fani yangu, na mpaka saa moja sauti ilikuwa imenikauka.

"Ukimlaza mtoto aliyesinzia," nikamuuliza, "unamtupa kitandani?"

"Simtupi."

"Basi hiyo klachi ni mtoto aliyesinzia."

"Mtoto gani huyo ananuka petroli," akasema, lakini safari hiyo aliiachia taratibu, na pikipiki ikaondoka naye hadi kwenye nyasi, yeye akipiga kelele za kuita watoto wake watoke wamwone.

Siku ya tatu bomba la moshi likamuunguza kwenye shavu la mguu. Siku ya tano akaanguka kwenye kokoto, kiwiko kikachunika chote. Aliinuka, akaitukana pikipiki tusi ambalo sikujua kama analijua, akapiga kiki. Watoto wa kota wakawa wanakuja kukaa ukutani kutazama, na kila akianguka wanashangilia. Akawazoea. "Leo nimeanguka mara mbili tu," anawaambia, "nendeni mkanywe chai." Nilikuwa nacheka peke yangu nikirudi gereji. Tangu msiba ule, hicho ndicho kilichokuwa kicheko changu pekee.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililonipandisha mori. Vidole. Mtu mgeni wa pikipiki akiogopa anafumba mkono, ndivyo mwili ulivyoumbwa. Kila alipoogopa, vidole vinne vya mkono wa kulia vilirukia breki ya mbele. Pale haikuwa na waya, haikuwa na la kufanya, lakini nilijua pikipiki ya ofisini itakuwa nao. Kwa hiyo nikawa nakimbia kando yake na spana namba kumi, na vidole vikifika pale navigonga. Si kwa nguvu. Haya, kwa nguvu kiasi.

"Unaniumiza, shemeji."

"Bora mimi kuliko lami."

"Sasa nikiwa nashuka mlima?"

"Mguu."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mguu."

"Na mtu akikatiza mbele yangu?"

"Mguu, mguu, mguu. Mkono huo ndio uliomuua mume wako."

Nilisema hivyo, kwa mdomo huu. Macho yakamjaa, akayafuta kwa mkono wa shati, akapiga kiki tena. Baada ya siku hiyo sikuihitaji spana. Wiki ya nne nilimrushia debe tupu mbele ya tairi, makusudi, bila kumwambia. Vidole vyake havikutikisika hata kimoja. Mguu ukakanyaga, tairi la nyuma likaburuta kwenye vumbi, akasimama. Nikampigia makofi. Nilijiona mwalimu kweli kweli.

Mtihani ulifanyika hapo hapo uwanjani. Ofisa usafiri wa shirika, mtu wa umri wangu, mnene, aliyening'iniza filimbi shingoni, alipanga madebe, akachora namba nane kwa chokaa, akalaza na ubao mwembamba wa kupita juu yake. Shemeji alivipita vyote. Alipofika kwenye ubao mimi nilifumba macho. Mwishoni ofisa akamuuliza mbona hagusi breki ya mbele.

"Shemeji yangu ni fundi, amenikataza."

Ofisa akanitazama, akacheka. "Fundi anajua," akasema, akapuliza filimbi yake na kuandika kwamba amepita.

Mchana huo shemeji aliniita nyumbani nile. Alinipakulia mpaka nikaona haya. Binti yake mkubwa, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shule, aliniletea maji ya kunawa akasema, "Asante, baba mkubwa. Umetuokolea nyumba." Wadogo zake wawili walikuwa wanagombania kuvaa kofia ngumu ya mama yao. Nilifurahi, mnisamehe. Nilikula nikashiba na nikaongezwa.

Akafanya kazi miezi kumi na moja, na kwa kazi ile alimzidi mumewe. Mbwa walimzoea. Wenye nyumba waliokuwa wakimfungia marehemu geti walimfungulia yeye, wengine kwa huruma, wengine kwa sababu aliwahi kuwashonea watoto wao sare. Shirika lilimpa pikipiki mpya, nyekundu, yenye breki ya diski mbele. Kila Ijumaa alipita gereji nimtazamie mnyororo na oili, na nilitazama kila kitu kwenye pikipiki ile isipokuwa kitu kimoja. Si kwamba nilikisahau. Sikutaka kukiona.

Viatu vya breki ya nyuma nilivibadilisha mara mbili ndani ya miezi hiyo kumi na moja. "Inakwisha kama sabuni," nikamwambia. "Mguu wako mzito."

"Si ndivyo ulivyonifundisha?" akasema. Kisha akakaa kwenye kibao, akavua kofia. "Vijana wa kazini wananisumbua. Wanasema nitumie zote mbili, ya mkono na ya mguu, kwa pamoja. Wanasema ndivyo inavyotakiwa."

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nawaambia wakamuulize mume wangu."

Hapo nilikuwa na nafasi. Nilikuwa nimeshika tambara mkononi, hakuna mteja, hakuna kelele, na ilikuwa nimwambie sentensi moja tu: vijana wanasema kweli, kaa nikuonyeshe. Lakini ningeanzaje? Ningemwambia nilimdanganya? Ningemwambia mumewe alikufa kwa sababu alibana vibaya, si kwa sababu alibana? Nikafuta mikono, nikamwambia Ijumaa ijayo aje mapema, kuna foleni.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Barabara ya mlimani inashuka moja kwa moja kupita karakana ya mbao. Lori lilitoka getini kinyumenyume, bila mtu wa kulielekeza, likaziba barabara yote. Shemeji alikuwa anashuka, tena si kwa kasi. Wote walioona wamesema si kwa kasi. Akakanyaga breki ya mguu. Tairi la nyuma likafunga, likaburuta, pikipiki ikalala ubavu na kuingia naye chini ya lori. Ulisagika mguu wa kushoto. Madaktari waliukata siku hiyo hiyo, chini kidogo ya goti.

Kesho yake nilikwenda barabarani. Alama ya tairi ilikuwa bado ipo, mstari mmoja mweusi. Nikaupima kwa hatua: kumi na saba. Nikasimama pale nikapiga hesabu ambayo fundi yeyote angeipiga. Kwa breki zote mbili, kwa mwendo ule, kwenye lami kavu ile, mtu anasimama kwa hatua nane. Tisa, ukipenda. Angelikuta lori liko mbali naye, angemtolea dereva maneno yake, na Ijumaa angenihadithia huku akijicheka.

Kutoka hapo nikaenda yadi ya shirika walikoiweka pikipiki. Ofisa wa filimbi alinifungulia geti. Nikachuchumaa mbele ya gurudumu la mbele, nikawasha tochi ya simu. Pedi za breki zilikuwa mpya. Miezi kumi na moja, mlima kila siku ya kazi, na pedi zilikuwa na unene ule ule ziliotoka nao kiwandani. Diski yenyewe imeshika kutu nyepesi kwa kutobanwa. Nikaubana mkono wa breki kwa vidole viwili. Ukashika barabara.

"Breki nzima?" ofisa akauliza nyuma yangu.

"Nzima," nikamwambia.

Nilikaa chini pale kwenye saruji, mwanamume wa miaka hamsini na nane, nikalia. Akaniletea kiti, nikamwambia akirudishe.

Nikaenda hospitali nikiwa nimepiga moyo konde. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Shemeji alikuwa kitanda cha nne kutoka mlangoni, shuka limeinuka upande mmoja na kulala bapa upande wa pili. Midomo imempasuka kwa ukavu. Aliponiona alinyoosha mkono, nikaushika.

"Shemeji," akasema, "sikuishika."

"Hukushika nini?"

"Ya mbele. Niliona lori, vidole vikataka kwenda, nikavikataza. Nikasema, shemeji alisema mguu." Akameza mate kwa shida. "Ningeishika, leo watoto wangu wasingekuwa na baba wala mama."

Nikachukua kikombe cha maji, nikamlowesha midomo.

"Mguu si kitu. Si nipo? Umeniokoa, shemeji. Mungu akuweke."

Maneno niliyoyapanga njiani sikuyatoa. Nilijiambia kwamba siwezi kumtazama mwanamke mgonjwa usoni nikamnyang'anya jambo moja alilobakiwa nalo, kwamba mguu wake umekwenda badala ya roho yake. Labda ni kweli nilimhurumia. Labda nilijihurumia mwenyewe. Mpaka leo sijui, na nimejiuliza mara nyingi. Nilichosema ni, "Ndiyo, shemeji. Pumzika." Nikatoka, na machungwa niliyomletea nikarudi nayo.

Shirika halikuchelewa. Hata nyuzi hajatolewa, barua ikafika. Asiyeweza kupanda pikipiki hawezi kusoma mita, na kazi ya mezani haipo. Kwa huruma ya wakubwa, utaratibu ungekuwa ule ule: mtoto aliyefikisha umri, mtihani, siku thelathini. La sivyo, nyumba.

Binti mkubwa akaja gereji na barua hiyo, siku nne baada ya kuipokea.

"Baba mkubwa, mama amesema unifundishe."

"Nitakutafutia mtu. Siku hizi kuna vijana wanafundisha vizuri kuliko mimi."

"Mama anakutaka wewe. Anasema bila wewe angekuwa kaburini."

Nikamzungusha siku mbili. Nikasema mgongo unaniuma, nikasema kuna pikipiki za watu. Siku ya tatu shemeji mwenyewe alinipigia simu. Alikuwa amesharuhusiwa, wamemweka kwenye kiti karibu na dirisha. "Shemeji," akasema, "umetuchoka?" Hakuna mtu mwenye moyo anayeweza kujibu swali hilo na akabaki amekaa. Nikaenda kununua waya mpya wa breki.

Niliufunga mwenyewe, nikaurekebisha mpaka breki ya mbele ikawa inashika laini bila kukurupuka. Na binti yule nilimwanzishia hapo, kabla ya klachi, kabla ya gia, kabla hata ya kuwasha. Nilimfanya aisukume pikipiki ikiwa imezimwa, anabana, anaachia, anabana. Vidole viwili. Anza kidogo, kisha ongeza. Nyoosha usukani. Nilimweleza uzito unakwenda wapi. Nilimpeleka kwenye kokoto, nikampeleka kwenye nyasi zenye umande, ili mkono wake ujue tofauti. Mara moja aliponiuliza mbona namsisitizia sana, nilimkaripia ashike usukani.

Alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko nilivyotegemea. Siku ya nne nilimwekea debe mbele, akaja na gia ya pili, akabana zote mbili kwa pamoja, akasimama kwa hatua tano. Dirishani shemeji akapiga makofi. Kutoka pale alipoketi unamwona mtu na pikipiki, huoni mkono unafanya nini wala mguu unafanya nini.

Binti akageuza pikipiki akaja kusimama mbele yangu, injini inanguruma, uso wote umemchanua.

"Kumbe hii ya mbele ndiyo yenyewe," akasema. "Mama naye ulimfundisha hivi hivi?"

Aliuliza bila hila yoyote. Ningeweza kusema ndiyo, tukaendelea na somo, na hakuna kiumbe angejua.

"Hapana," nikamwambia.

Akasubiri niendelee. Nikamwambia yote: waya nilioutoa, pipa la vyuma, spana ya vidoleni, jinsi nilivyomtaja baba yake, ile Ijumaa nilipokaa kimya, hatua kumi na saba, pedi mpya. Sikuinua sauti, ikambidi ainame ili anisikie juu ya mlio wa injini. Nilipomaliza aliizima.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Ulikwenda hospitali ukamwambia nini?"

"Nilimwambia apumzike."

Akageuka akatazama dirishani. Shemeji akatupungia mkono, sote wawili. Binti akashuka, akaisukuma pikipiki mpaka gereji, nusu saa ya kusukuma, nami namfuata nyuma. Kila nikitaka kushika kiti nimsaidie, anaongeza mwendo. Aliiegesha, akaweka ufunguo mezani, akaondoka. Niliona hatarudi. Niliona pia kwamba kabla jua halijazama shemeji angekuwa ameshayajua yote, na kusema haki, nilitaka ayajue, ila kwa mdomo wa mtu mwingine.

Kesho yake alfajiri nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya gereji, kofia ngumu kichwani, mkanda umefungwa kidevuni. Kando yake kulikuwa na chupa ya chai na mkate uliofungwa kwenye kitambaa.

"Mama amesema ule kwanza," akasema. Kwa hiyo hakumwambia.

Huyu mtoto, tangu ajue kuongea, hajawahi kunikuta asubuhi asinipe shikamoo. Hata siku ya kumzika baba yake aliniamkia kwanza ndipo akaanza kulia. Nilisimama pale nikiingoja. Akainuka, akaingia ndani, akaitoa pikipiki nje, akajaribu breki ya mbele, akajaribu ya nyuma, akajaribu zote mbili.

"Zimebaki siku kumi na tisa," akasema. "Twende, fundi."

Alipita mtihani. Ni mwaka sasa anasoma mita upande wa mlimani, na nyumba wanayo. Shemeji amerudi kwenye cherehani, ile ya umeme yenye kanyagio moja. Kila nikienda kumjulia hali anaanza upya: jinsi lori lilivyotoka, jinsi vidole vilivyotaka kwenda, jinsi nilivyomwokoa, Mungu aniweke. Nimejaribu kumkatiza, hakatiziki. Binti yake, akiwa nyumbani, haondoki chumbani habari hizo zikianza. Anaacha anachokifanya, anakaa kwenye kiti kilichonielekea, ananitazama nikishukuriwa mpaka mama yake amalize. Kisha ananiuliza kama nitaongeza chai, fundi.